Kutu Ndani ya Chesisi ya Land Cruiser Kuukuu: Jibu kwa Msomaji wa Mtwapa

Swali limetoka kwa msomaji wa Mtwapa mwenye pikapu ya Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1993. Anasema aliinunua miaka minne iliyopita kwa mkulima wa Laikipia, na wakati ule chesisi ilikuwa safi kiasi kwamba rangi ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana. Tangu aje nayo pwani amekuwa akiitumia kushusha na kupandisha mashua yake ya uvuvi katika mkono wa bahari wa Mtwapa, mara mbili au tatu kwa wiki. Mwezi uliopita, fundi alipokuwa akibadilisha bushi za springi za nyuma, magamba ya kutu mapana kama kiganja yalianza kubanduka kwenye chesisi, juu ya ekseli. Fundi huyo alimshauri apulizie oili chafu, fundi wa pili akasema dawa ni lami, na jirani yake mwenye boti akamwambia afunge vipande vya zinki kama vile vinavyofungwa kwenye mashine za boti. Yeye mwenyewe amesikia kwamba chesisi nzima inaweza kuchovywa katika zinki. Anauliza afuate lipi.

Ndugu yangu, katika hayo manne hakuna hata moja ninaloweza kukushauri uanze nalo, kwa sababu gari lako linaliwa kutoka ndani na washauri wako wote wanalitazama kwa nje. Magamba uliyoyaona juu ya ekseli ni sehemu ndogo ya habari. Kinachokula chuma ni chumvi iliyokaa ndani ya chesisi, na maadamu chumvi hiyo imo, chochote utakachopaka juu yake kitakuwa kifuniko tu.

Chuma hushika kutu kinapopata hewa na unyevu kwa pamoja. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 60 hivi, kutu huenda polepole sana, na ndiyo maana gari hilo liliweza kukaa Laikipia, huko bara kwenye hewa kavu, miaka mingi bila kudhurika. Chumvi hubadilisha hesabu hiyo yote. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, na maji ya bahari yana chumvi nyingine za magnesiamu ambazo hunyonya hata hewa inapokuwa kavu zaidi ya hapo, mpaka kwenye asilimia 33. Umeona jikoni jinsi mkebe wa chumvi unavyolowa wakati wa masika bila mtu kutia hata tone la maji ndani yake. Jambo hilohilo ndilo linalotokea ndani ya chesisi yako kila usiku, mwaka mzima, hata gari likiwa limelala chini ya paa. Tena kloridi iliyomo katika chumvi haiishi kwa kufanya kazi: hula chuma, hubaki palepale ndani ya vishimo vya kutu, na huendelea kula.

Mwaka jana niliikata chesisi ya pikapu kama yako iliyokuwa ikivuta mashua huko Kilifi. Kwa nje ilikuwa inang'aa kwa lami mpya iliyopakwa na gereji moja miezi michache kabla, na mwenyewe alikuwa na hakika kwamba jambo la kutu limekwisha. Nilipoinua ncha ya lami kwa kisu ilibanduka utepe mzima, kama ganda la chungwa, na upande wake wa ndani ulikuwa umeshika unga mwekundu wa kutu. Chini ya lami palikuwa na umajimaji. Nilipofungua boriti yenyewe, yaani ule mhimili mrefu wa chesisi, mbele ya ekseli, nilitoa konzi mbili za mchanga uliokuwa bado umelowa, ingawa gari lilikuwa limesimama ndani ya karakana kwa wiki tatu. Niliugusisha mchanga huo kwenye ncha ya ulimi, nao ulikuwa chumvi tupu.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu umbo la chesisi yako ni lilelile. Ni boriti mbili ndefu zilizo wazi ndani, zimeunganishwa kwa mbavu za kukingama, na zinapofika nyuma hupinda kwenda juu ili zipite juu ya ekseli. Unaporudi kinyumenyume majini, maji ya bahari huingia kwa matundu ya kiwandani yaliyoko ubavuni na chini ya boriti, yakiwa yamebeba mchanga. Unapopanda ufuoni maji hutoka, mchanga hubaki, nao hukusanyika pale boriti inapoteremka kabla na baada ya ekseli, ukaziba matundu ya kutolea maji. Kuanzia hapo kila safari inaongeza maji na chumvi, na hakuna njia ya kutokea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua chuma kimebaki kiasi gani. Lisimamishe gari juu ya stendi imara, usilitegemee jeki peke yake, kisha uigonge chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, kila baada ya upana wa vidole vinne. Chuma kizima hutoa mlio mkali unaovuma, na chuma kilicholiwa hutoa mlio mzito uliofifia, kama kugonga gogo bovu. Usikose kugonga upande wa chini, kwa sababu huko ndiko mchanga ulikolala. Pale mlio unapofifia, sukuma kwa bisibisi. Ikizama, au chuma kikibonyea, gari hilo lisivute mashua tena mpaka litengenezwe, na hasa ikiwa ni karibu na vishikizo vya springi, ambavyo ndivyo vinavyobeba uzito wote wa nyuma pamoja na nguvu ya kuvuta. Siku hizi kuna kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu kwa bei isiyotisha. Azima au nunua moja, uipenyeze kwenye matundu, na utaona mwenyewe hali ya ndani bila kutegemea neno la mtu.

Ikibidi kuchomelea, usikubali kiraka kubandikwa juu ya kutu. Fundi akate mpaka afikie chuma kizima, atumie bati la chuma la unene uleule wa chesisi, na kiraka kikatwe kwa umbo la msharazi, kisiwe na mstari mmoja wa kusimama wima unaokata boriti toka juu hadi chini, kwa maana boriti huvunjika kwa urahisi kwenye mstari kama huo. Waya za betri zifunguliwe na tangi la mafuta lishushwe kabla ya kazi. Uchomeleaji wote ukamilike kabla ya kutia kinga yoyote ndani, maana moto wa kuchomelea huiunguza.

Sasa tuje kwenye kuosha, ambako ndiko kazi nyingi zinakoharibikia hapa kwetu. Watu wengi huosha gari kwa bidii na wanaliosha kwa maji ya chumvi. Visima vingi vya kisiwani Mombasa na vya ukanda wa ufuo hadi huko kwenu vina maji ya magadi, na baadhi ya sehemu za kuoshea magari hutumia maji hayohayo kwa sababu yanapatikana bila kukatika. Huhitaji maabara ili kujua hali ya maji yako. Chukua kijiko kimoja, mwaga juu ya kipande cha kioo kilichooshwa kwa maji ya mvua, kiweke juani mpaka kikauke, kisha ufanye vivyo hivyo kwa maji ya mvua kwenye kipande kingine. Kile cha mvua kitabaki na ukungu mwembamba au kisibaki na kitu. Cha kisima, kama ni cha chumvi, kitaacha duara jeupe unaloweza kulikwaruza kwa ukucha. Ukiliona duara hilo, maji hayo yafae kwa kazi nyingine. Chesisi ioshwe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi au kwa maji ya mvua uliyoyavuna kwenye tangi.

Osha ndani kwanza. Zibua matundu yote ya chini kwa waya mgumu, ingiza mpira wa maji kwenye tundu la mbele kabisa la boriti, na uache maji yatiririke kuelekea nyuma kwa robo saa au zaidi huku ukigongagonga ubavuni ili magamba na mchanga vilegee. Kisha fanya hivyo kwa kuanzia nyuma, na baadaye kwenye kila ubavu wa kukingama wenye tundu. Rudia kesho yake na kesho kutwa. Siku tatu si nyingi, kwa kuwa chumvi iliyo chini ya magamba haitoki kwa mkupuo mmoja: inahitaji kuloweka, kuyeyuka, na kutoka taratibu. Maji ya siku ya kwanza yatatoka na rangi ya chai nzito, na ya siku ya tatu hayana budi kutoka meupe. Baada ya hapo puliza hewa ya kompresa ndani, liegeshe gari mahali penye mwinamo kidogo, na uliache juani siku mbili au tatu.

Nje, bandua magamba kwa nyundo na patasi, halafu brashi ya waya ya mashine, halafu msasa. Hapa kuna jambo ambalo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa kuwa ndilo linalotenganisha rangi inayodumu miaka na ile inayofura baada ya masika moja. Chuma kikishang'aa, kioshe tena kwa maji safi, kikaushe, kisha ukiache usiku kucha bila kukipaka kitu. Asubuhi kitazame kwa makini na tochi. Utaona vishimo vingine vimetoa madoa meusi yenye unyevu, ilhali chuma kilichovizunguka ni kikavu. Hivyo ndivyo vishimo ambavyo bado vina chumvi ndani yake, na vimeivuta hewa ya usiku. Vilevile chuma chote kitakuwa kimepata rangi ya manjano nyepesi, kama bizari iliyonyunyizwa. Hiyo usiiogope, inaondoka kwa msasa mwepesi. Madoa meusi ndiyo ya kurudia: brashi, maji, kukausha, na usiku mwingine wa kungoja. Nimewahi kurudia mara nne kwenye sehemu moja ya boriti, na sijutii hata siku moja kati ya hizo.

Ikiwa imebaki kutu nyembamba iliyoshikamana kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki, hapo tu ndipo dawa ya kugeuza kutu inapofaa. Nyingi zina asidi ya fosforiki, nyingine zina tanini, na zile za tanini huigeuza kutu nyekundu ikawa nyeusi yenye ubuluu. Tanini ni kitu tunachokijua zamani hapa pwani, kwa sababu ndiyo iliyoyapa magome ya mikoko yetu soko kwa watengenezaji wa ngozi. Dawa hizo hazifanyi kazi juu ya magamba mazito wala juu ya chumvi, hata kama kopo linaahidi hivyo.

Kwa rangi, mimi hutumia praima (rangi ya kwanza) ya epoksi inayochanganywa na hadena, yaani kigumushi chake, mikono miwili, halafu rangi ya juu yoyote nzuri inayokubaliana nayo. Kabla ya mkono wa kwanza, paka kwa brashi kingo zote, viungo vya kuchomelea na vichwa vya bolti, kwa maana rangi ikiwa mbichi hukimbia ncha kali na kuiacha na ngozi nyembamba, na kutu huanzia hapo. Rangi ya juu iwe ya kijivu badala ya nyeusi. Watu hupenda chesisi nyeusi, lakini juu ya kijivu doa la kutu linaonekana siku linapotokea. Usipake alfajiri wala jioni. Chuma lazima kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Kwetu hiyo ni kama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na miezi bora ni Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na mvua ni chache. Namba iliyogongwa kwenye chesisi isifunikwe kwa rangi nzito, ipakwe grisi nyepesi ili isomeke siku ya ukaguzi.

Ndani ya boriti huwezi kupiga msasa, na wala haihitajiki. Kinachotakiwa ni nta ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zilizofungika, nyepesi ya kutosha kupenya kwenye kutu iliyobaki, au mafuta ya lanolini yatokanayo na sufu ya kondoo. Nta hukaa muda mrefu zaidi. Lanolini hupenya vizuri, lakini huhitaji kurudiwa kila mwaka. Kwa gari linaloingia majini kama lako ningechagua nta, nami ningehakikisha ni ile isiyoyeyuka kwa joto la chuma kilichochomwa na jua la hapa. Hupulizwa kwa mpira mrefu wenye ncha inayotoa ukungu pande zote: uingize mpaka mwisho, ufungue, kisha uuvute taratibu kurudi. Gari kubwa kama hilo litakunywa lita nne hadi sita. Ifanye mchana chuma kikiwa na joto, ili nta itambae yenyewe kwenye maungio ya mabati. Kesho yake pitisha waya kwenye kila tundu la chini, maana nta ikiyaziba, umerudi ulikotoka.

Sasa kuhusu ushauri uliopewa. Oili chafu huzuia kutu kwa muda mfupi, hilo ni kweli, lakini imebeba asidi na masizi ya injini, hulainisha na kufurisha mpira wa bushi ulizobadilisha juzi, hushika mchanga, na hudondoka chini katika ardhi yetu ya matumbawe ambayo haichelewi kuipeleka kwenye visima. Tena mahali palipopuliziwa oili hapashiki rangi bila kazi kubwa ya kupasafisha. Lami nimekwisha kuisema: hukakamaa, hupasuka, maji huingia kwa ufa na hayatoki. Vipande vya zinki ni sayansi ya kweli kwenye boti, kwa sababu boti na zinki vimo ndani ya maji yaleyale, na mkondo wa umeme hupita majini baina yao. Gari likiwa barabarani halina maji ya kupitisha mkondo huo, kwa hiyo zinki italinda eneo dogo tu linaloizunguka, na mita moja mbele chuma kitaendelea kuliwa. Vile visanduku vya umeme vinavyouzwa kwa madai hayohayo vimekwama kwenye tatizo hilo.

Kuchovya katika zinki ni kinga nzuri kwa kweli. Chesisi husafishwa kwa asidi na kuzamishwa katika zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450 hivi za Selsiasi, na kwa chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kiwango cha kimataifa hutaka tabaka la wastani wa maikroni 70. Lakini gari lote lazima livuliwe mpaka ibaki chesisi tupu, boriti ziwe na matundu ya kutosha kwa sababu hewa na maji vilivyofungiwa vinaweza kulipuka kwenye joto hilo, chuma kilicholiwa kinaweza kupinda, na asidi hunasa baina ya mabati yaliyolaliana. Zinki nayo huliwa na hewa ya bahari, polepole. Ikiwa siku moja utalivua gari kwa sababu nyingine, lifikirie. Kulivua kwa ajili hiyo peke yake, kwa gari ambalo bado lina chuma kizima, sioni kama gharama inakubaliana na faida.

Lililo muhimu zaidi kwako ni kupunguza safari za majini. Funga kamba imara ya mita 10 au winchi baina ya gari na trela ya mashua, trela ishuke peke yake na gari libaki juu penye ardhi kavu, na panga kuvua na kurudi kwako kufuatana na maji kujaa ili mwendo wa kushuka uwe mfupi. Siku za bamvua maji yanapokupwa mbali sana ufuo ni mrefu na tope ni laini, na hizo ndizo siku ambazo magari huzama mpaka kwenye ekseli, kwa hiyo iache mashua kwenye nanga hata kama ni usiku mmoja. Ikitokea magurudumu ya nyuma yameingia majini, osha ndani ya boriti siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, usisubiri mwisho wa wiki.

Kisha kila mwaka, kusi inapopungua mwezi wa Septemba, ingiza ile kamera kwenye matundu ya mbele na nyuma ya ekseli, pande zote mbili. Nta iliyo hai huonekana kama asali iliyoganda ukutani. Ukiona mahali pamegeuka rangi ya machungwa, osha hapo, kausha, na uongeze nusu lita kabla ya mvua za vuli kuanza.